Mama Chembe na Kosa la Ukurasa wa Kwanza

Ninyi nyote mliofika, wa karibu na wa mbali, mliopata viti na mliosimama ukutani kwa kuwa viti vimetuishia, familia inawashukuru kwa kutotuacha peke yetu, na sasa tunaomba utulivu kidogo tuyasikie maisha ya binti yetu, ambayo mama yake mzazi ameyasimulia kwa siku tatu na mjukuu wa mama huyo akayaandika. Kabla ya leo maandishi haya yalipitiwa na watu wa kazini kwake, na mmoja wao akashauri, kwa nia njema kabisa, kwamba jambo la mwaka 2011 lirukwe, maana siku kama hii mtu husifiwa, naye mama akamjibu kwamba binti yake hakuwahi kuruka mstari tangu ajue kusoma, basi na yeye hatarukwa leo, kwa hiyo litasomwa kama lilivyo, likifika mahali pake.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 1970, saa moja asubuhi, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, baba yake akiwa fundi bomba na mama yake fundi cherehani, na nyumbani palikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la mikate, mahali ambapo mtu aliamshwa na harufu kabla ya kuamshwa na mama. Mkunga aliyempokea alisema mtoto huyu katoka macho wazi, anatazama taa, anatazama dirisha, anamtazama mkunga mwenyewe kuanzia kichwani hadi viatuni, akasema, "Mama, hapa hujazaa mtoto, umeletewa mkaguzi," na jina hilo la Mkaguzi likaganda, kaka yake mkubwa akalitumia mpaka juzi hospitalini.

Alikuwa mtoto wa kukaa chini ya meza ya kukatia nguo na bati la vifungo, akivipanga kwa rangi, kwa matundu, kwa ukubwa, na kimoja kikipotea alijua ni kipi, si kwamba kimepungua kimoja, bali ni kile cheupe chenye ufa, na shangazi yake, dada wa baba, aliyekuwa mtu wa mdomo na Mungu amrehemu naye, alikuwa akipita mlangoni anauliza, "Huyu mtoto wenu atakuja kuolewa na vifungo?"

Elimu ya msingi aliianza Januari 1977 na kuimaliza Novemba 1983, ya sekondari akaisoma tangu 1984 hadi 1987, huko ndiko alikoona hadubini kwa mara ya kwanza, moja kwa darasa zima, kila mwanafunzi akipewa dakika moja ya kuchungulia ganda la kitunguu, naye alipofikiwa na zamu yake alikataa kuondoka mpaka mwalimu akamvuta kwa mkono wa sweta, na jioni ile akamwambia mama yake kwamba kitunguu kimejengwa kwa vyumba, vyumba vingi vimepangwa kama matofali, na mama akamjibu kwamba hata kikiwa na vyumba na sebule, leo kitakatwa kitiwe sufuriani. Mwaka 1988 alijiunga na chuo cha wataalamu wa maabara, akahitimu tarehe 21 Juni 1991, siku ambayo baba yake alivaa suti ya kuazima iliyomzidi mabega, akapiga makofi kwa kila mhitimu aliyepita, asije akamkosa wa kwake.

Kazi aliianza tarehe 2 Septemba 1991 katika maabara ya hospitali ya mkoa, chumba cha mwisho kwenye korido ya chini, chenye meza ya vigae vyeupe, sinki mbili, na dirisha lililokuwa likitazama mitungi ya gesi, na kazi yake ilikuwa kuhesabu chembe za damu kwa jicho, kichwa kimeinama kwenye hadubini, kidole gumba kinabonyeza kihesabio cha mkono, tik, tik, tik, mgonjwa baada ya mgonjwa, hata alipokuja nyumbani kula, kidole kilikuwa kikiendelea kubonyeza chini ya meza, na shangazi akasema serikali inamlipa mtu kuhesabu vitone, haya ni maajabu.

Huko huko kazini ndiko alikompata mume, seremala aliyeletwa Februari 1994 kutengeneza rafu za chupa, akapima ukuta, akakata mbao, akapigilia, na mtaalamu wa maabara akaja na rula yake akamwambia, "Fundi, rafu yako imelala upande wa kushoto, nusu sentimita," seremala akacheka, akaweka pima maji juu yake, akaacha kucheka, akaing'oa. Alirudi wiki iliyofuata kukagua rafu, na wiki nyingine kukagua rafu, mpaka mkuu wa maabara akauliza hizi rafu zina ugonjwa gani usiopona, na tarehe 9 Septemba 1995, siku ya Jumamosi, walifunga ndoa, bwana harusi akisema mbele ya wazee kwamba yeye anaoa mtu ambaye hawezi kumdanganya hata kwa nusu sentimita, na wazee wakamtakia ujasiri. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 30 Julai 1997 na kijana aliyezaliwa tarehe 11 Aprili 2001, na wana mjukuu mmoja wa miaka mitatu ambaye mnamsikia huko nyuma.

Mwaka 1999 maabara ilipata kompyuta ya kwanza na kamera ya kufunga juu ya hadubini, wenzake wakaitumia kutunzia orodha ya zamu, lakini yeye alikaa na picha za damu akajiuliza kwa nini macho yake yachoke ikiwa kompyuta haichoki, akajifunza kuandika programu kwa kitabu cha kuazima, ukurasa kwa ukurasa, akaandika ya kwanza ikahesabu chembe mbili zilizogusana kama moja, akaifuta, akaandika ya pili ikahesabu hata vumbi la kwenye kioo, akaifuta, na ya tatu, iliyokamilika tarehe 16 Oktoba 2001 huku kijana wake akinyonya mapajani, ndiyo hii iliyopewa jina la Chembe, inayopokea picha ya hadubini, inazitenga chembe zilizoshikana, inazihesabu, inazipima upana, na inaandika pembeni kila hatua iliyopita, na picha yenyewe ya asili haiguswi hata kidogo.

Aliitoa Chembe bure kwa maabara yoyote duniani, na si kuitoa tu, aliiacha wazi, kwamba mtu yeyote aweze kuifungua ndani, asome ilivyoandikwa, airekebishe na ampe mwingine, na kaka yake mkubwa akamwambia, "Mkaguzi, umepika, ukafungua mlango, ukaenda zako?" naye akamjibu, "Sijaenda popote, niko mlangoni, anayekula ananiambia chumvi imezidi wapi, nami narudi jikoni." Kwa mama yake, ambaye hakukanyaga darasa, alieleza kwa lugha ya nyumbani, kwamba ni kama ile karatasi ya kukatia gauni, mama anapompa fundi wa mtaa wa pili aiweke juu ya kitambaa chake, na yule fundi akiona kwapa linabana anarudi kusema, na karatasi inakatwa upya, na gauni la wote linakaa vizuri, mama akasema, "Kumbe hicho ndicho unachofanya, mbona ni kazi ya kawaida." Wenzake wakaongezeka, wa maabara nyingine, wa vyuo vikuu, wengine wa nchi ambazo yeye hakuwahi kufika, wakawa wanaandikiana kila siku, wanabishana, wanarekebisha, na ndio waliomwita Mama Chembe.

Sasa tumefika mwaka 2011. Siku ya Jumanne, tarehe 17 Mei, mtaalamu mmoja wa maabara ya mji mwingine aliandika kwenye ukurasa wa Chembe wa kuripoti kasoro, akasema kwamba katika kukagua kamera yao mpya, waliyokuwa wakiitumia kwa miezi kadhaa, amejipima damu yake mwenyewe, kwa kamera ya zamani asubuhi na kwa mpya mchana, na maneno yake yalikuwa haya, "Asubuhi chembe zangu nyembamba, mchana nene, na katikati nimekunywa chai tu, nicheke au nilie?" Marehemu alicheka alipoyasoma, kisha akafungua programu yake ndani, akakuta kiboksi kidogo cha kuweka alama alichokiandika kwa mkono wake Februari 2004, kilichosema tumia kipimo hiki kwa picha zote, alichokiweka kwa sababu wenzake walichoka kuandika kipimo, yaani upana wa kitone kimoja cha picha, upya kwa kila picha, na kwa kuwahurumia akakifanya kikishawekwa alama kibaki na alama, hata kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Kamera mpya ilikuwa na vitone vidogo zaidi, kwa hiyo chembe moja ilichukua vitone vingi zaidi, na Chembe ikivihesabu kwa kipimo cha kamera ya zamani, kimya kimya, bila kumwonya mtu, ilitoa jibu la chembe nene kuliko zilivyo.

Alimweleza mama yake jambo hilo jioni hiyo hiyo, wamekaa jikoni wanakata vitunguu, na mama akaacha kisu akasema, "Ni tepu iliyolowa maji ikarudi, ukimpimia mteja mwembamba unamwandika mnene, na tepu haisemi," naye akasema, "Ndiyo hiyo, mama, na tepu nimeitengeneza mimi," kisha akaongeza kwamba kulikuwa na jambo lingine, kwamba ile maabara ya mji mwingine ndiyo iliyopima, kwa kamera hiyo mpya, damu za watoto wa shule mia mbili na kumi na wawili kwa utafiti wa daktari mmoja, na mtoto ambaye chembe zake ni ndogo sana damu yake ina upungufu na anahitaji dawa, lakini kipimo kikimtia unene asio nao anaambiwa mzima, nenda ukacheze.

Tena kulikuwa na kamati ya wizara iliyopangwa kuketi tarehe 30 Mei, siku kumi na tatu mbele, kuamua kama Chembe itumike katika maabara za hospitali zote za nchi, jambo ambalo alikuwa amelipigania miaka sita, faili mkononi, korido hadi korido. Mkuu wa idara yake, ambaye leo tunaye hapa na ametupa ruhusa ya kulisema hili, akamwita ofisini akafunga mlango, akamwambia, "Dada, kitabu chako cha maelekezo kinasema kagua kipimo kila unapobadili kamera, ukurasa wa arobaini na tatu, asiyesoma shauri yake," akamjibu, "Mkuu, ukurasa wa arobaini na tatu niliuandika mimi, na hata mimi sijausoma tena," mkuu akasema basi asubiri kamati ipite ndipo atangaze, siku kumi na tatu si chochote, naye akasema, "Kwako na kwangu si chochote, lakini wale watoto wanashinda darasani na damu hiyo hiyo."

Siku ya Ijumaa, tarehe 20 Mei, aliketi kwenye meza ya chakula na kompyuta, mume wake akimenya viazi upande wa pili, na akaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa Chembe, ule ambao kila mtu huuona kabla ya kuichukua, ni picha zipi zisiaminiwe, tangu lini, namna ya kuzipima upya, na juu kabisa kwa herufi nene akaandika, kosa hili ni langu. Mume wake akasoma begani kwake akasema, "Mke wangu, ungesema tu kosa limetokea," akamjibu, "Likitokea watadhani limeota lenyewe kama ukungu ukutani, na watu hawajui ukungu wamwulize nani," basi seremala akarudi kwenye viazi vyake.

Hatuwezi kusema kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Kamati iliketi, ikalisoma tangazo lake, ikachagua programu nyingine, iliyofungwa, ambayo hakuna ajuaye ndani kuna nini, na mjumbe mmoja akamwambia mlangoni kwamba ile nyingine haijawahi kuripotiwa kosa hata moja, akamjibu kwa upole, "Itaripotiwaje, ndugu yangu, na haifunguki?" Daktari wa utafiti alimpigia simu akamwambia amemvua nguo sokoni, hakusema naye kwa mwaka mzima. Yeye hakuwa na nafasi ya kusononeka, alikuwa na picha za watoto mia mbili na kumi na wawili, na kwa kuwa Chembe haigusi picha ya asili, zote zilikuwepo kama zilivyopigwa, basi yeye na yule mtaalamu aliyejipima wakazipima upya kwa siku tisa, kila mmoja kivyake, kisha wakalinganisha, wakapata watoto thelathini na mmoja walioambiwa wazima na si wazima.

Shule iliwaita ishirini na tisa wakaanza dawa, wawili walikuwa wamehama, naye akachukua likizo yake ya mwaka akaenda kuwatafuta, mmoja akampata ndani ya wiki, wa pili akampata tarehe 8 Agosti 2011, katika nyumba ya nyuma ya gereji, baada ya kuuliza kwa mafundi watatu na muuza vocha mmoja, na mama wa mtoto alisimama mlangoni mkono kiunoni akamwuliza, "Wewe nani, na habari za damu ya mwanangu umezipata wapi?" akasema, "Mimi ndiye niliyempima vibaya," na yule mama, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi, akamwambia, "Ingia basi, usisimame juani." Mtoto alikuwa msichana wa miaka tisa aliyezoea kusinzia mezani, watu wakidhani ni uvivu, na kufikia Desemba, mama yake alisema kwa simu, sasa analalamikiwa kwa kupiga kelele darasani.

Kuanzia mwaka uliofuata maabara zikaanza kuichukua Chembe moja moja, bila kamati, wengi wakisema wamelisoma lile tangazo la ukurasa wa kwanza na hilo ndilo lililowatoa wasiwasi, zikafika sitini na moja kabla hajastaafu kwa ugonjwa, na daktari wa utafiti akaja siku moja ya mwaka 2012, akaweka mezani makala yake iliyosahihishwa, jina lake yeye la kwanza na la marehemu la pili, akaomba maji ya kunywa, wakazungumza habari nyingine.

Mwezi Septemba 2022 alianza kuhisi uvimbe katika titi la kushoto, akachukuliwa nyama kidogo ya kupimwa, na aliyeipima ni mtaalamu ambaye marehemu mwenyewe alimfundisha kazi, aliyekuja nyumbani tarehe 11 Novemba amebeba bahasha na kompyuta, akiwa amelia njiani na kunawa uso kwenye bomba la nje akidhani haitaonekana. Marehemu hakufungua bahasha, akasema, "Nionyeshe picha kwanza," akaitazama, akauliza, "Kipimo umekagua?" akajibiwa, "Mara mbili, mama, na sikuweka ile alama," akasogeza kiti, akazihesabu mwenyewe zile chembe zilizokolea rangi, kidole gumba kikibonyeza hewani, akapata hesabu ile ile, akasema, "Umepaka rangi vizuri sana, kazi safi, sasa kaa ule." Alifanyiwa upasuaji tarehe 6 Desemba 2022, akapona kiasi cha kurudi kubishana na wenzake kwenye kompyuta kwa mwaka mzima, ugonjwa ukarudi Januari 2024 ukiwa umefika kwenye ini, na hakuwahi kumwuliza daktari kama atapona, aliuliza siku ngapi, akapewa kadirio, akalipangia kazi. Alifariki siku ya Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, mume wake ameshika mkono wa kulia na mama yake wa kushoto, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekubali kila mara kusomewa makosa ya chati yake bila kununa, inawashukuru majirani waliopika, waliofua na waliomchukua mjukuu acheze kwao, mkuu wa idara na wafanyakazi wote wa maabara, na wenzake wa Chembe walio mbali, ambao wengi wao hatujawahi kuwaona sura.

Hao wa mbali walimpigia simu kijana wa marehemu siku ya Jumatatu, wakasema wamekubaliana, kwa heshima yake, kuliondoa lile tangazo lenye maneno kosa hili ni langu, kwa kuwa kiboksi kilisharekebishwa tangu 2011 na picha zote zilishapimwa upya, na mahali pake waweke sura yake na maua, wakaomba ridhaa ya familia. Kijana akamwuliza baba yake, baba yake akamtazama mama mkwe wake, na mama akaomba asomewe maneno yote ya tangazo lile tangu juu hadi chini, akasomewa, akauliza kama kuna mtu anaweza kuwa na picha za zamani kabatini ambazo hajazipima upya, wakamwambia hilo haliwezi kujulikana, akasema, "Basi liacheni, na picha yake iwekeni chini ya hapo, mkichagua ile anayotazama kamera, si ile ya harusi aliyofumba macho." Wameweka, tumeiona, na maneno yako juu pale pale alipoyaweka.

Binti yetu, Mkaguzi wetu, Mama Chembe wa watu wengi, umetuachia kazi iliyo wazi, atakayeona kosa ataingia alirekebishe, nawe sasa pumzisha macho, upumzike kwa amani.